Mgeni wa Saa Nne na Dakika Ishirini

Mpendwa Shangazi,

Nimeficha kwa miaka kumi na mitatu kwamba watu tisa walikufa maji kwa sababu ya mistari sita niliyoiandika mimi, na naomba unisaidie kulisema hili mahali ninapopaswa kulisema kabla pumzi haijaniishia. Nakuita Shangazi kama wasomaji wako wote wanavyokuita, ingawa nina miaka themanini na mmoja na huenda ningeweza kumzaa hata mama yako. Univumilie, mgonjwa hachagui wa kumwita.

Figo zangu zimechoka. Daktari aliniambia kwa upole, akiangalia karatasi yake badala ya uso wangu, kwamba tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Nimelazwa sebuleni kwa sababu ngazi sizipandi tena, kitanda kimesukumwa dirishani, mkono wa kulia nina beseni, kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba, na kompyuta ninayoikuza herufi mpaka kila moja inakuwa kubwa kama ngumi. Anayenitunza ni mjukuu wa marehemu mdogo wangu wa kike, binti wa miaka ishirini na minne, ambaye kila Jumamosi hunisomea safu yako kwa sauti huku akinikata kucha.

Nilikuwa mwalimu wa lugha, na uzeeni nikajifunza kuandika programu, watu wakacheka, kisha ofisi ya maji ikaniajiri wakaacha kucheka. Ofisi hiyo ililinda bwawa na mto ulio chini yake, na tovuti yake iliwaambia watu kila asubuhi maji yamefika wapi. Kazi yangu ilikuwa ya ubawabu. Simu ya mtu inapofungua tovuti, kabla mwenyewe hajasoma hata neno moja, huwa imekwisha kunong'ona: bwana wangu anataka lugha hii, ya eneo hili, na ikikosekana basi ile, na ikikosekana ile basi ile nyingine. Programu yangu ilisikiliza mnong'ono huo, ikamchukua mgeni na kumpitisha kwenye mlango wake, na alama ya mlango ikaonekana juu kwenye anwani ya ukurasa. Tulikuwa na mlango wa lugha kubwa, ambayo ofisi nzima iliandikia, na milango miwili ya lugha ya mama yetu, mmoja wa mlimani na mmoja wa bondeni, maana lugha ni ile ile lakini aliyeko mlimani anataka kujua zamu yake ya kumwagilia, na aliyeko bondeni anataka kujua kama mto utamfuata nyumbani.

Mlango wa bondeni niliupigania peke yangu na mfasiri wake nilikuwa peke yangu. Ofisa wa zamu aliandika tangazo kwa lugha kubwa, nami nikalitafsiri ndani ya nusu saa. Swali likawa, mgeni wa bondeni akija na tafsiri ya leo haijawa tayari, bawabu afanye nini? Fundi yeyote angekwambia mpeleke kwenye lugha kubwa. Mimi nilikataa. Nilikuwa nimewaona wazee wetu wakifungua kitu kilichoandikwa kwa lugha yao ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili wakatupwa kwenye lugha ya watu, nikaona wanavyofunga simu na kucheka kile kicheko cha aibu. Nikaandika kwamba mgeni wa bondeni asitolewe kamwe kwenye lugha yake: kama ukurasa wa leo haupo, apewe wa mwisho uliopo. Nikaongeza kwamba mtu akishaingia mlango huo mara moja akumbukwe, na hata akiandika anwani kuu ya ofisi arudishwe humo humo.

Fundi wa seva, tuliyemwita Nyaya, alisoma mistari hiyo akitafuna kalamu.

"Mzee," akasema, "chakula cha jana kina harufu, mtu ananusa anaacha. Maandishi ya jana hayana harufu. Angalau weka tarehe juu."

Nikamwambia tarehe itaharibu sura ya ukurasa. Ndivyo nilivyosema, Shangazi. Sura ya ukurasa.

Mdogo wangu aliishi bondeni, nyumba ya nne kutoka mtoni, akilima mboga na kumlea mjukuu wake, huyu huyu anayenitunza leo. Simu yake niliipanga mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda jikoni kwake, yeye akichambua maharage.

"Profesa," aliniambia, maana ndilo jina alilonitania nalo tangu niende chuo, "hizo lugha nyingine zote zitoe. Zinanijia juu kama wageni wasiobisha hodi."

"Moja niiache ya akiba."

"Akiba ya nini? Wewe si upo?"

Nikazitoa. Simu yake ikabaki inanong'ona lugha moja, ya eneo moja, bila ya pili. Sijawahi kuona simu nyingine iliyopangwa hivyo. Kila asubuhi akishaanika nguo alifungua ukurasa wangu, akausoma kwa kidole, dakika nne nzima kwa sentensi mbili, kisha akawatangazia jirani zake juu ya ua: "Profesa anasema maji yako chini!"

Siku yenyewe nilikuwa mjini, ukumbini, nimealikwa kuwaonyesha wageni wa ofisi mlango wetu wa bondeni. Simu nilikuwa nimeizima, kama adabu ya ukumbi inavyotaka. Saa nne kasoro dakika kumi, mvua ya juu ikiwa imelijaza bwawa, ofisa wa zamu aliandika kwa lugha kubwa, kwa herufi nyekundu, kwamba milango ya bwawa inafunguliwa na watu wote wa bondeni waondoke. Alinitumia na mimi ujumbe nitafsiri haraka, lakini simu ilikuwa imezimwa. Waliokuwa na simu za lugha kubwa waliona wekundu ule wakafunga mizigo. Waliokuwa wamepita mlango wangu waliona maneno yangu ya jana yake: Maji yako chini. Kaeni kwa amani. Walioingiwa na shaka wakaandika anwani kuu ya ofisi, bawabu akawakumbuka, akawarudisha humo humo. Maji yalifika saa tano na dakika tano. Saa hiyo nilikuwa nimesimama jukwaani, maneno hayo hayo yako ukutani nyuma yangu kwa herufi ndefu kama mkono, na watu wanapiga makofi, nami sijui lolote kwa kuwa simu, kama nilivyosema, ilikuwa imezimwa.

Mdogo wangu alipatikana siku ya tatu. Simu yake haikupatikana. Mjukuu alikuwa shuleni mlimani, akapona.

Kesho yake baada ya mazishi nilitafsiri lile tangazo jekundu na kuliweka, kwa hiyo wachunguzi walipofungua mlango wa bondeni waliukuta umenyooka, wakageukia gari la vipaza sauti lililotumwa kuwaonya watu wa bondeni, ambalo lilikuwa limechelewa njiani kwa pancha. Dereva wake alifukuzwa kazi. Mpaka leo watu humwita Pancha, na watoto wake huitwa watoto wa Pancha, nami nimekutana naye mara mbili sokoni, nikamsalimia, akaniitikia vizuri kuliko ninavyostahili. Wiki mbili baadaye, mto ulipotulia, niliandika tena Maji yako chini, kaeni kwa amani, maana sasa ilikuwa kweli, na kwa kuwa bondeni hakukuwa na mtu tena sikuandika jingine. Hayo ndiyo ya mwisho mpaka leo.

Mgeni alianza kesho yake.

Seva ina daftari lake, Shangazi, kila anayebisha huandikwa saa aliyokuja, mlango alioomba na lugha iliyonong'onwa. Kila siku, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kuna mtu anafungua mlango wa bondeni. Anaomba lugha moja, ya eneo moja, bila ya akiba. Ukurasa ukiwa wazi hujiomba upya kila dakika, na mgeni huyu huacha mistari minne, mmoja chini ya mwingine, kama nyayo, kisha basi. Huko bondeni leo ni tope lililokauka na matete, mnara wa simu ulianguka siku ile ile na haukusimamishwa tena. Nilipokuwa bado kazini niliufuta mlango ule. Kesho yake saa nne na dakika ishirini mgeni akaja, bawabu akakosa pa kumpeleka, akawa anamzungusha, anamzungusha, mpaka seva nzima ikasimama dakika nne na ofisi yote ikainuka vitini. Nikaurudisha. Nikastaafu nikiuacha wazi, nikajiambia ni mashine fulani mahali fulani, na kwa miaka mingi nimekuwa nikijitafutia shughuli saa nne na dakika ishirini, natia maji kwenye birika, nafungua bomba, chochote chenye sauti.

Sasa mjukuu ameajiriwa na ofisi ile ile. Mwezi uliopita alikuja na kompyuta yake akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Babu, una mpenzi bondeni?" akanitania. "Kuna mtu anasoma ukurasa wako kila siku, hakosi hata sikukuu."

"Ni zile mashine zinazozunguka mtandaoni."

"Mashine gani inajua lugha yetu? Mimi mwenyewe naibabaisha." Akakisogeza kioo karibu na macho yangu. "Halafu tangu mvua za mwaka huu anaongeza neno. Ona."

Baada ya alama ya mlango, pale juu kwenye anwani, palikuwa na neno moja la lugha ya mama yetu, lile mtu analolisema akisimama mlangoni na mzigo mkononi: tuondoke? Ukurasa wa jina hilo haujawahi kuwepo. Bawabu asipoupata ukurasa anaoulizwa, hutoa wa mwisho uliopo. Kwa hiyo kila asubuhi kuna anayeuliza tuondoke, na kila asubuhi kanuni yangu inamjibu: kaeni kwa amani.

"Mtu anafanya mzaha," mjukuu akasema, "lakini ona kanuni yako ilivyo na adabu, Babu. Hata anayeuliza upuuzi anajibiwa kwa lugha yake."

Hapo ndipo penye moto wangu. Binti huyu anajenga tovuti mpya ya tahadhari zote, za maji, za moto na za magonjwa, kwa lugha kumi na mbili na maeneo yake, inafunguliwa Jumatatu, siku tisa kutoka leo, na bawabu wake amejengwa juu ya mistari yangu sita. Ofisini wanaiita Kanuni ya Babu. Nimemwambia aitoe, akacheka, "Babu, unyenyekevu gani tena huu?" Nimemwambia haifai, akaniuliza kwa nini, nikaomba maji ya kunywa. Nikimwambia kwa nini, atajua kwamba mzee anayemtunza na kumkata kucha ndiye aliyemuua bibi yake. Nikinyamaza nitakufa kabla ya Jumatatu au baada yake, na milango kumi na miwili itakuwa ikiwaambia watu wakae.

Nimwambie, Shangazi, au kuna njia ya kuiondoa kanuni bila kumwondoa babu? Na yule wa saa nne na dakika ishirini, nimjibu nini?

Ni mimi,
Bawabu Mzee


SHANGAZI ANAJIBU

Mzee Bawabu, shikamoo. Nimeanza na shikamoo ili ukae vizuri kwenye mto, maana yanayofuata si ya kukupapasa.

Pole kwa figo, pole kwa mdogo wako. Nimeisoma barua yako mara nne na mara zote nimelia mahali pamoja, pale jikoni, penye maharage. Basi, machozi nimeyafuta, sikiliza.

Kwanza ujanja wako nimeuona. Unajua anayekusomea safu hii kila Jumamosi ni nani. Ulitaka nichapishe, binti aanze kusoma kwa sauti yake mwenyewe huku kidole chako kiko mkononi mwake, afike kwenye "watu tisa", aelewe, na wewe uwe umefumba macho. Unataka gazeti likusemee kama ulivyotaka mashine ikusemee. Hapana, mzee wangu. Jibu hili nakutumia leo kwa barua pepe, likuze herufi ulisome, na gazetini halitoki mpaka nisikie kutoka kwako kwamba binti ameyasikia kwa mdomo wako. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sijawahi kukubali kuwa mkasi wa kukatia mtu kucha.

Unauliza kama kuna njia ya kuondoa kanuni bila kumwondoa babu. Haipo. Umeshaitafuta mwezi mzima na umeishia kuomba maji ya kunywa. Na usiniambie ulifanya kwa kuwapenda wazee wenu. Uliwapenda, nakubali. Lakini Nyaya alikuomba tarehe, tarehe tu, tarakimu chache juu ya ukurasa, ukamnyima kwa ajili ya sura. Hapo hukuwa unalinda aibu ya wazee, ulikuwa unalinda yako, usionekane mfasiri aliyechelewa. Mtu akisoma onyo kwa lugha asiyoipenda hununa, akapona. Mngekuwa na wazee tisa walionuna leo, wote wakikusema vibaya, nawe ungewachukia kwa raha zako.

Sasa mgeni. Mimi si fundi na si mganga. Inaweza kuwa mashine, inaweza kuwa mtu mwenye huzuni anayeijua lugha yenu, inaweza kuwa jambo ambalo wewe na mimi tutalijua tukishafika huko, na wewe utanitangulia. Lakini miaka kumi na mitatu umekuwa ukijiuliza huyu ni nani, hata siku moja hukujiuliza anataka nini. Anauliza swali, mzee. Kila siku. Anayeuliza hujibiwa kweli, awe hai asiwe hai.

Na kuna jambo lingine, nalo nisingelisema kama ungekuwa na miezi. Umeniandikia kwamba simu yako ilikuwa imezimwa. Umeliandika mara tatu. Mimi sikukuuliza hata mara moja. Tena maji, kwa maneno yako, yalifika saa tano na dakika tano, lakini mgeni wako haji saa tano, anakuja saa nne na dakika ishirini. Saa hiyo kulikuwa na nini? Mtu harudi kila siku, saa ile ile, na swali ambalo hajawahi kumuuliza mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe kifo umeshakikaribisha sebuleni, kimekaa, kinasubiri umalize.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, si Jumamosi. Binti akirudi kazini mwache avue viatu, anywe maji, kisha mwambie akae kwenye kiti, si ukingoni mwa kitanda, ili akitaka kuondoka aweze. Anza na kanuni. Mwambie mistari sita ni ipi na ilifanya nini, kwa lugha ya kazi, kama fundi kwa fundi, maana hiyo ndiyo itakayowaokoa wa Jumatatu na haiwezi kusubiri machozi. Mwambie onyo la leo limtangulie mgeni kwa lugha yoyote liliyonayo, na tarehe iwe juu, kubwa, mbaya, iharibu sura yote. Ukishamaliza hilo ndipo umwambie wewe ni nani. Usimwombe msamaha siku hiyo hiyo. Msamaha si mhariri kwamba una siku ya mwisho ya kupokea makala. Kesho yake iandikie ofisi kuhusu Pancha, barua yenye sahihi yako, na nakala aipate yeye mkononi ili watoto wake waisome. Kisha mwombe binti autengeneze ule ukurasa unaoulizwa, uwe na neno moja tu. Neno lenyewe unalijua.

Mwisho, la simu. Hilo sitakupangia. Lakini usife nalo, mzee wangu, litakosa mtu wa kulizika.

Shangazi yako


BARUA YA PILI

Mpendwa Shangazi,

Nimefanya. Nakuandikia polepole, mkono wa kushoto umevimba.

Nilimwambia Jumanne jioni, yeye kwenye kiti, mimi kitandani. Alisikiliza kanuni yote akiandika kwenye daftari lake, akaniuliza maswali mawili mazuri, ya kifundi. Nilipofika kwa bibi yake aliacha kuandika lakini kalamu hakuiweka chini. Akatoka nje. Nilimsikia akianua nguo kwenye kamba, kisha akizianika tena, zilezile. Asubuhi aliniletea vidonge kama kawaida akasema, "Babu, kanuni nimeifuta. Wewe bado sijajua." Akaenda kazini. Nimeona ni haki.

Barua ya Pancha imekwenda. Tovuti itafunguliwa Jumatatu ikiwa na tarehe kubwa juu yake, mbaya kweli, ungeipenda.

Jumatano aliutengeneza ule ukurasa. Neno moja la lugha ya mama yetu: Ondokeni. Alhamisi aliomba ruhusa kazini akakaa na mimi, kompyuta ikiwa juu ya blanketi kati yetu, sote tukiangalia daftari la seva. Saa nne na dakika ishirini mgeni akaja. Lugha moja, eneo moja, bila ya akiba. Akauliza, akapewa neno lile. Mistari minne ikashuka, mmoja baada ya mwingine, na baada ya wa nne binti akashusha pumzi nami nikashusha, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne mkono wake ukagusa mguu wangu juu ya blanketi.

Tulidhani imekwisha. Jana, Ijumaa, tulikaa tena, ili tu kuona patupu.

Saa nne na dakika ishirini akaja. Neno lile la kwanza hakulitumia. Pale juu, baada ya alama ya mlango, palikuwa na maneno mapya ya lugha yetu, yameunganishwa kwa vistari kama anwani zinavyotaka. Binti aliyasoma kwa sauti, akibabaisha, silabi kwa silabi, hakuyaelewa mpaka alipoyamaliza: nani alisema tukae?

Ukurasa huo haupo. Kanuni yangu haipo tena ya kumpa wa mwisho. Bawabu mpya, ambaye binti amekwisha kumweka hata kwenye tovuti ya zamani, hufanya kama alivyofundishwa, asipoupata ukurasa hukiri kwamba hana jibu, na mgeni akabaki hapo. Mistari haikuishia minne. Ikawa mitano. Ikawa sita. Binti akaacha kuangalia kioo, akanigeukia.

"Babu," akasema, "anakuuliza wewe."

Nikamwambia, na sasa nakwambia wewe, na uchapishe.

Simu haikuwa imezimwa. Nilikuwa nyuma ya pazia la ukumbi, nasubiri kuitwa jukwaani, simu iko mkononi, na ujumbe wa ofisa wa zamu umeingia nusu saa nzima, nimeuona unawaka, sijaufungua, nimejiambia nitaufungua nikishuka. Saa nne na dakika ishirini mdogo wangu akapiga. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya watu wanaoburuta vitu.

"Profesa, ukurasa wako unasema tukae, lakini jirani anafunga mizigo, anasema kwake kumeandikwa jekundu. Tuondoke?"

"Jirani anasoma lugha ya watu," nikamwambia. "Wewe soma yako."

"Kwa hiyo?"

Walikuwa wanaliita jina langu.

Nikasema, kaeni.